Sadaka jariya kwa niaba ya mzazi aliyefariki

Umeuliza kama kisima unachokusudia kumchimbia marehemu mama yako kitakuwa sadaka jariya kwake, yaani sadaka ambayo thawabu zake huendelea, ilhali hakuacha wasia. Ndiyo, kinakuwa, hata kama hakuacha wasia. Dalili ni hadithi iliyosimuliwa na sahaba Ibn Abbas, iliyomo katika Sahihi Bukhari, mkusanyiko wa hadithi za Mtume: sahaba Saad bin Ubada, ambaye mama yake alifariki yeye akiwa hayupo, alimuuliza Mtume (S.A.W.) iwapo kumtolea sadaka kutamfaa, na alipojibiwa kuwa kutamfaa, akamshuhudisha papo hapo kwamba bustani yake iitwayo Mikhraf ni sadaka kwa ajili ya mama yake. Zingatia kwamba alitoa bustani nzima yenye kuzaa, wala si kapu la matunda ya siku moja. Hapo ndipo neno jariya, yaani yenye kutiririka, linapopata maana yake, kwa kuwa mti hubaki na watu huendelea kula. Kwa hiyo tenga pia fungu la kamba, ndoo au matengenezo ya pampu, maana kisima kilichoharibika hakimnyweshi mtu. Na ikiwa marehemu ana deni, lilipwe kwanza, kwani hata mirathi haigawanywi kabla ya deni kulipwa.