Stempu Nyekundu za Malkia Victoria

SWALI: Mhariri, nimerithi bahasha ya stempu nyekundu za Uingereza za peni moja zenye kichwa cha Malkia Victoria. Naona zote zinafanana. Nizipange vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti zipo nyingi, na pa kuanzia ni pembeni. Zenye nyota kwenye pembe mbili za juu ni za toleo la zamani lililoanza mwaka 1841. Zile zisizo na vitobo kingoni kwa kawaida hutangulia 1854. Zenye herufi katika pembe zote nne zilitolewa kuanzia 1864, na hapo ndipo penye utamu: ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, ndani ya nakshi za ubavu wa kushoto na wa kulia utaona namba ndogo ya bamba la kuchapia, kati ya 71 na 225. Namba 77 ni adimu mno, hivyo ukidhani umeipata, hakikisha si 177 ambayo tarakimu yake ya kwanza imefunikwa na wino wa muhuri.

Muhuri nao usiupuuze. Namba iliyozungukwa na mistari yenye umbo la yai kwa kawaida ni ya England au Wales. Stempu iliyobaki kwenye bahasha yake, yenye muhuri unaosomeka, tafadhali usiibandue.