Kipima mwanga hakimjui bibi harusi

Fundi, shikamoo. Harusini bibi harusi katoka uso mweusi tii, hata macho hayaonekani. Baba yake, suti nyeusi mbele ya pazia jeusi, kapauka kama mgonjwa. Kamera ni ileile. Kwa nini? (Msomaji, Arua)

Marahaba. Kamera yako ni nzima. Kipima mwanga kilicho ndani ya kamera husoma mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, hulishusha liwe kijivu, na uso unazama pamoja nalo. Pazia jeusi hulipandisha, na ngozi ya mzee inapauka.

Weka upimaji wa nukta, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu ya fremu, lenga shavu linalopata mwanga. Mwenye ngozi nyeusi sana, shusha fidia (kitufe cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha) karibu stopu moja; kushuka stopu moja ni kupunguza mwanga nusu, kupanda moja ni kuuzidisha mara mbili. Maji ya kunde, acha sifuri. Kisha hakiki kwa gauni: lipime kwa nukta, pandisha karibu stopu mbili. Vipimo hivyo viwili vikikaribiana, umepatia. Hamia M, yaani mpangilio wa kuweka kila kitu kwa mkono, uviache hapo mpaka mwanga wenyewe ubadilike. Wapiga picha wa sherehe wanaiogopa M kana kwamba inauma, halafu wanashinda usiku kucha kwenye kompyuta wakisawazisha nyuso mia tatu.

Wageni hawatulii. Naweza kupima kiganja changu? (Jinja)

Unaweza, kikipata mwanga uleule wa nyuso zao. Kiganja kina weupe kuliko uso, kwa hiyo pandisha kama stopu moja. Kijaribu kwanza nyumbani dhidi ya kadi ya kijivu, ile yenye kijivu cha kati ambacho kipima mwanga hukidhani.

Nimenunua flashi mbili za studio. Kipima mwanga kinasema giza. Nikikifuata, picha inaungua, inakuwa nyeupe kupita kiasi. (Mbarara)

Usikifuate. Kinapima kabla flashi haijalipuka. Kinachokiona ni mwanga wa chumba na ile taa ndogo ya kuongozea. Anza na M, ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga) 100, spidi ya shata 1/125 ya sekunde, tundu la lenzi f/8, piga picha ya majaribio, tazama histogramu (grafu ya mwanga na giza la picha) na sehemu zinazomwekamweka kwa kuungua. Rekebisha nguvu ya taa au tundu la lenzi. Spidi ya shata haitaisaidia flashi. Itabadilisha mwanga wa chumba tu. Ukiisogeza taa tupu kutoka mita 1 hadi mita 2 mbali na mteja, mwanga unabaki robo, yaani umepoteza stopu mbili.

Flashi ndogo ya juu ya kamera yenye TTL, yaani kupima flashi kupitia lenzi, ni habari nyingine: hurusha mmweko wa awali, kamera ikausoma. Nayo hudanganywa na gauni, ila irekebishe kwa fidia ya flashi, si ile ya kamera. Taa za LED zinazowaka muda wote hupimwa kama mwanga mwingine wowote, ila gauni bado litakidanganya kipima mwanga.

Ninunue kipima mwanga cha mkononi? (Kampala)

Kwa sherehe, hapana. Nunua rifleta, ubao wa kurudishia mwanga usoni.

Wateja wanataka picha kwenye alama ya ikweta pale Kayabwe, saa saba mchana. Macho yanakuwa mashimo. (Masaka)

Hapo kipima mwanga hakina dawa. Jua la ikweta mchana liko karibu utosini mwaka mzima, nyusi zinayatia macho kivuli. Waombe waje saa kumi na moja jioni. Wakikataa, wageuze jua liwe nyuma yao, rifleta iwe mbele, pima shavu kwa nukta. Lile duara jeupe la alama ya ikweta usiliache likupimie.