Manjar si Kihispania: kosa langu la wiki ya kwanza

Juzi msomaji mmoja aliniandikia mstari mmoja tu: "Ndugu, mbona Wahispania wakila wanasema comer?"

Nilikuwa nimeandika, tena kwa kujiamini, kwamba manjar, kitenzi chenye maana ya kula katika Kiido, lugha ya kubuni, kimetoka Kihispania. Neno manjar lipo Kihispania, herufi kwa herufi, basi nikaona nimemaliza kazi. Miezi yote ile ya kujifunza Kiido, halafu nateleza kwenye neno la wiki ya kwanza! Iliniuma, na bado inauma.

Nikarudi kwenye kamusi. Manjar ya Kihispania ni nomino, chakula kitamu, na j yake hutamkwa kooni, karibu na kh. J ya Kiido hutamkwa kama ya Kifaransa. Kilichonipofusha ni ile -ar. Katika Kiido hiyo ni alama ya kitenzi tu: hata drinkar, kunywa, inayo, na mzizi wake ni wa Kiingereza na Kijerumani. Ing'oe, unabaki na manj-. Ndipo unapata manjas kwa wakati uliopo, manjis kwa uliopita, manjos kwa ujao.

Mzizi huo ni ndugu wa manger ya Kifaransa na mangiare ya Kiitaliano, na babu yao ni manducare ya Kilatini, kutafuna. Hapo nilikesha. Kilatini kilikuwa na edere kwa kula, neno fupi mno, likafifia. Wafaransa wakashika kutafuna. Waromania nao, ndiyo mânca yao. Wahispania na Wareno wakashika comedere, ikazaa comer. Kiesperanto, lugha ya kubuni iliyokitangulia Kiido, kilikuwa tayari na manĝi, na waliokirekebisha mwaka 1907 hadi kikazaliwa Kiido waliubakiza mzizi huohuo.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika asili za maneno, ng'oa -ar kwanza. Litamke neno. Usiamini sura yake. Narudia, usiamini sura! Tunapenda mno njia ya mkato, tunaona herufi zinafanana tunatangaza undugu, na wasomaji wetu wanabeba kosa kwa imani. Hiyo ni dhuluma kwao.

Makala ile nimeisahihisha. Sasa niko kwenye parolar, kusema, na mzizi wake umeshanipitisha Kilatini hadi kwenye parabole ya Kigiriki, neno la kulinganisha vitu.