Homa ya mbu ikikushika, dai karatasi ya kipimo

Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ilipozuka Mombasa mwishoni mwa 2017, ilinikumba pia. Homa iliondoka upesi, viungo ndivyo vilivyogoma: nikikaa kwenye mbuzi nikune nazi, vidole havifumbi. Majirani wengi waliugua vivyo hivyo. Walipimwa malaria, haikuonekana, wakarudi nyumbani na panadol. Walichougua hakikuandikwa popote.

Hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu watafiti wa chanjo hutegemea kumbukumbu hizo. Chikungunya hulipuka kisha ikatoweka. Mwaka 2004 ilianzia Lamu, ikashuka Mombasa, ikavuka hadi visiwa vya Komoro na Réunion. Sisi ikaturudia kwa kishindo baada ya miaka 13. Watafiti wakija kupata vibali na fedha, wagonjwa wameshapona. Ndiyo maana chanjo ya kwanza ya chikungunya, Ixchiq, ilipitishwa Marekani Novemba 2023 kwa kupima kingamwili (askari wa mwili dhidi ya ugonjwa) za waliochanjwa tu, bila kungoja kuona wangapi wameepuka ugonjwa. Agosti 2025 leseni yake ikasimamishwa hukohuko kufuatia ripoti za madhara makubwa.

Dengi, homa nyingine ya mbu, ni ngumu zaidi, maana virusi vyake ni vya aina nne. Huko Ufilipino watoto wengi wa shule walikuwa wameshapewa chanjo ya dengi iitwayo Dengvaxia, ndipo Novemba 2017 watengenezaji wakatangaza kwamba mtu ambaye hajawahi kuambukizwa dengi, akichanjwa kisha akaipata, anaweza kuugua vibaya zaidi. Fikiria mzazi anaulizwa kama mwanawe aliwahi kuugua dengi, naye hana hata karatasi moja.

Basi homa ikikupanda ghafla, macho yanauma kwa nyuma, na malaria haionekani, usitoke hapo kliniki. Omba kipimo cha dengi na chikungunya. Nenda siku za mwanzo, kirusi chenyewe kingali kwenye damu; ukichelewa huonekana kingamwili tu, na jibu lake lina utata. Majibu yaandikwe, yawekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kabla hujajua ni nini, kunywa panadol, usiguse aspirini wala diklofenaki, kwani mgonjwa wa dengi anaweza kuvuja damu.

Na watafiti wakikuomba ushiriki majaribio ya chanjo, usiwakimbie wala usikubali kimyakimya. Waulize: kirusi kilichomo ni hai kilichodhoofishwa, au si hai? Imeshajaribiwa kwa wazee na wajawazito? Nikidhurika, nani atanitibu, na kwa gharama ya nani? Usitie sahihi mpaka ujibiwe yote.