Tunalipa kila mwezi, deni halipungui

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tuna watoto watatu, wawili wako shuleni na mmoja bado mdogo. Miaka minane iliyopita tulikopa ili tumalizie nyumba tunayoishi, na hati ya nyumba hiyo ndiyo dhamana. Mkopo huo tumeuongezea muda mara mbili. Baadaye mtoto aliugua, tukachukua mkopo mwingine wa muda mfupi wenye riba kubwa. Tuna salio la ada tunalodaiwa shuleni, na shemeji yangu alitukopesha bila riba fedha ambazo hajawahi kuzidai, ingawa najua anazihitaji. Tunajitahidi kulipa kila mwezi, isipokuwa miezi ya kufungua shule, lakini tukitazama salio ni kama hatujafanya lolote. Mume wangu anataka tubane kila kitu, hata bima ya afya tuiache, ili tumalize ndani ya miaka miwili. Mimi naogopa. Rafiki yetu anashauri tuchukue mkopo mmoja mkubwa tulipe yote kwa mpigo. Tufanye nini?
Mama wa Watatu

JIBU: Ndugu Mama wa Watatu, katika barua yako yote, sentensi iliyonishughulisha zaidi ni ile inayosema kwamba mkitazama salio ni kama hamjafanya lolote. Huenda ndivyo ilivyo kweli, na sababu yake si uvivu wala uzembe wenu. Fedha unayopeleka kwa mkopeshaji haiendi moja kwa moja kupunguza kile mlichokopa. Hugawanywa kwa mpangilio uliomo kwenye mkataba, na mara nyingi hukatwa kwanza adhabu na gharama, kisha riba, na kinachobakia ndicho kinachopunguza deni la msingi. Miezi ya kufungua shule, mnaposhindwa kulipa, huzaa adhabu, na adhabu hiyo hula sehemu ya malipo ya miezi inayofuata. Zaidi ya hapo, kila mlipoongeza muda wa mkopo inawezekana riba na adhabu zilizokuwa zimelimbikizwa ziliingizwa katika deni la msingi, nazo zikaanza kutozwa riba. Familia nyingi hutoka katika kikao cha kuongeza muda zikiwa na furaha kwa sababu rejesho la mwezi limeshuka, bila kuuliza deni lenyewe limepanda kwa kiasi gani.

Chukua mfano wa deni la 100,000, kwa sarafu yoyote ile, linalotozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya salio. Riba ya mwezi wa kwanza ni 2,000. Anayelipa 2,000 kila mwezi anaweza kulipa hadi azeeke na bado atadaiwa 100,000. Anayelipa 2,500 atamaliza baada ya miezi 82 hivi, akiwa ametoa takriban 203,000 kwa jumla. Anayelipa 3,500 atamaliza kwa miezi 43, akiwa ametoa chini kidogo ya 150,000. Hao wawili wa mwisho wanatofautiana kwa 1,000 tu kila mwezi, lakini mmoja anamtangulia mwenzake kwa zaidi ya miaka mitatu na kuokoa fedha inayozidi nusu ya mkopo wenyewe. Kwa hiyo mume wako ana hoja: kile kidogo kinachozidi riba ndicho kinachofanya kazi yote. Na kwa deni lisiloguswa kabisa, huku riba ikiongezwa juu ya riba, kuna kanuni ya kukadiria ambayo Mwitaliano Luca Pacioli aliiandika mwaka 1494: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, na utapata muda ambao deni litajizidisha mara mbili. Kwa asilimia 2 kwa mwezi, muda huo ni miezi 36.

Basi kazi ya kwanza, kabla ya kubana chochote, ni kuomba kwa kila mkopeshaji taarifa ya mkopo kwa maandishi, inayoonyesha deni la msingi lililobaki, kiwango cha riba, adhabu zilizokwisha kutozwa na jinsi kila malipo yalivyogawanywa. Mna haki ya kuuliza, na msione haya. Mkiona adhabu zimerundikana, ombeni zifutwe au zipunguzwe. Mkopeshaji anayeona mteja amekuja mwenyewe, tena akiwa na mpango mkononi, mara nyingi husikiliza kuliko anapomfuata mteja anayemkwepa. Ombeni pia ratiba ya malipo izingatie miezi ya ada, yaani rejesho liwe dogo katika miezi hiyo na kubwa kidogo katika miezi mingine. Lolote mtakalokubaliana liandikwe na kutiwa saini, kwa kuwa ofisa mliyezungumza naye leo anaweza kuhamishwa kesho na ahadi yake ikaondoka naye.

Sasa kuhusu miaka miwili. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami sina ubishi nao, ila hawakutaja dozi. Mpango wa kubana kila kitu huonekana wa kishujaa katika mwezi wa kwanza, lakini nyumba yenye watoto haina miezi inayofanana. Viatu huchanika, homa huja usiku, shule huleta mchango ambao haukutajwa mwanzoni mwa muhula. Ikiwa mmepanga rejesho kwa kutazama mwezi mzuri, mwezi mbaya utawarudisha kwa mkopeshaji yuleyule wa riba kubwa. Ninachoshauri ni kuorodhesha gharama zote za mwaka zinazojulikana, kama ada, sare, vitabu na matengenezo, kuzijumlisha, kuzigawanya kwa 12, na kuitenga fedha hiyo kila mwezi kana kwamba nayo ni rejesho la mkopo. Kinachobaki baada ya mahitaji ya lazima na fungu hilo ndicho uwezo wenu wa kulipa. Kiasi hicho kitakuwa pungufu ya kile mume wako anachokitamani, lakini ni kiasi ambacho mnaweza kukilipa hata katika mwezi mgumu, na ziada ya mwezi mzuri mtaiongeza juu yake.

Bima ya afya msiiguse. Umeeleza mwenyewe kwamba mkopo wenu wa riba kubwa ulizaliwa na ugonjwa wa mtoto, na sioni busara ya kuondoa kinga dhidi ya jambo lililokwisha kuwaumiza. Vivyo hivyo msiuze chombo chochote kinachowaingizia kipato. Kabla ya kuongeza kasi ya kulipa, wekeni pia akiba ndogo ya dharura, walau inayotosha mahitaji ya msingi ya mwezi mmoja. Najua inauma kuweka akiba isiyo na faida kubwa huku riba ikiendelea kukimbia, na kwa hesabu kavu ni hasara. Hata hivyo, naiona hasara hiyo kuwa nafuu kuliko mkopo mwingine wa haraka.

Deni gani litangulie? Lile lenye hati ya nyumba lisikose rejesho lake la kila mwezi, hata kama riba yake ni ndogo kuliko mengine, kwa kuwa kulichelewesha kunaweka makazi ya watoto hatarini. Baada ya hapo, hesabu inasema ziada yote iende kwenye deni lenye riba ya juu zaidi, na kwenu bila shaka ni ule mkopo wa muda mfupi. Wapo wanaopendelea kuanza na deni dogo kuliko yote ili walione limekwisha, na siwabezi. Utafiti mmoja uliofanyika Singapore na kuchapishwa mwaka 2019 ulifuatilia watu wa kipato cha chini waliokuwa na madeni ya muda mrefu, ambao walisaidiwa kuyalipa. Wasiwasi wao ulipungua na uwezo wao wa kufikiri uliimarika, na kilichohusiana zaidi na nafuu hiyo kilikuwa idadi ya madeni yaliyoondolewa kuliko ukubwa wa kiasi kilicholipwa. Kwa hiyo, ikiwa salio la ada ni dogo kiasi kwamba mnaweza kulimaliza kwa miezi miwili au mitatu, lianzeni hilo, halafu rejesho lake lote mlihamishie kwenye mkopo wa riba kubwa, na huo ukiisha jumla yake ihamie kwenye mkopo wa nyumba. Kosa linalofanywa na wengi ni kuliacha rejesho lililokombolewa liyeyuke ndani ya matumizi.

Mkopo mmoja mkubwa wa kulipa yote unaweza kufaa kwa masharti ambayo hayapatikani kirahisi: riba yake iwe chini kuliko wastani wa mnayolipa sasa, gharama za kuuandaa zisiimeze tofauti hiyo, muda wake usirefushwe sana, na kilichokuwa hakina dhamana kisigeuzwe kuwa deni la kuuzia nyumba. Nina shaka pia na jambo moja la kibinadamu. Anayelipiwa madeni yote kwa siku moja hujiona yuko huru, na mlango wa kukopa ukiwa bado wazi huweza kuanza upya.

Kuhusu shemeji yako, ukimya wake usiufanye kuwa msamaha. Mume wako amwendee ndugu yake, amweleze hali ilivyo, na wakubaliane kiasi kidogo kitakachofika kila mwezi. Deni la ndugu halina riba ya fedha, lakini linakula undugu polepole, na kiasi kidogo kinachofika kwa wakati humtuliza mtu kuliko ahadi kubwa. Watoto wakubwa nao waambieni kwamba kuna deni linalolipwa na kwamba baadhi ya mambo yatasubiri. Hawahitaji kujua tarakimu, wala wasifanywe washauri wa hofu zenu.

SWALI: Nimepokea ujumbe kutoka kwa watu nisiowafahamu wakidai wamechukua deni langu la miaka mingi kutoka kwa mkopeshaji wa awali. Wanasema nikilipa kiasi kidogo leo watanipunguzia. Nina mke na watoto, sitaki fedheha. Nilipe?
Mwenye Wasiwasi

JIBU: Usilipe leo. Wajibu kwa maandishi ukiomba nakala ya mkataba, mchanganuo wa deni na uthibitisho kwamba wana mamlaka ya kulidai. Matapeli wengi huishia hapo. Pia, sheria za nchi nyingi huweka ukomo wa miaka ambayo mkopeshaji anaweza kufungua kesi ya deni, na katika baadhi ya nchi hizo malipo hata madogo, au barua inayokiri deni, huweza kuufanya muda huo uanze kuhesabiwa upya. Kwa hiyo muone mwanasheria au kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kutoa chochote au kuandika kwamba unadaiwa. Ikithibitika kuwa unadaiwa na unakusudia kulipa kwa dhamiri yako, jadili punguzo kwanza. Na mkeo ajue leo, kabla ujumbe mwingine haujafika kwenye simu yake.

SWALI: Nimelipwa malimbikizo ya mshahara yanayotosha kumaliza mkopo wangu mmoja mwaka mzima kabla ya wakati. Mke wangu anasema tuiweke fedha hiyo kwa ajili ya masomo ya mtoto. Nani yuko sahihi?
Baba Mpya

JIBU: Inategemea jinsi riba ya mkopo wako inavyohesabiwa, hivyo fungua mkataba kabla hamjaendelea kubishana. Kama riba hutozwa juu ya salio linalopungua, kulipa mapema kunafuta riba yote ya mwaka uliobaki, na akiba ya kawaida ni nadra kuzaa faida ya kufikia hapo. Kama riba ilihesabiwa tangu mwanzo juu ya mkopo wote na kugawanywa sawasawa kwa kila mwezi, mambo hubadilika. Mkopo wa 100,000 wa miezi 12 kwa riba ya asilimia 12 ya namna hiyo hurejeshwa kwa jumla ya 112,000, na kwa kuwa mkopaji anaendelea kurejesha kila mwezi, riba yake halisi hukaribia asilimia 21 na nusu kwa mwaka. Lakini riba hiyo ikiwa imekwisha kufungwa ndani ya jumla, kulipa mapema hakukuokolei kitu mpaka mkopeshaji akubali kuiondoa riba ya miezi iliyobaki. Muulize kiasi gani kitamaliza deni leo, pamoja na ada yoyote ya kulipa kabla ya muda, kisha ukilinganishe na jumla ya marejesho yaliyobaki. Tofauti ikiwa ndogo, mke wako ameshinda hoja. Ikiwa kubwa, lipa, halafu rejesho mlilokuwa mkilitoa kila mwezi lianze kwenda kwenye masomo ya mtoto tangu mwezi unaofuata. Kabla ya kutoka katika ofisi hiyo, omba barua inayothibitisha kuwa deni limekwisha, na nyaraka za dhamana zirudishwe mikononi mwako. Baada ya wiki chache uliza kama taarifa zako katika kumbukumbu za mikopo nazo zimerekebishwa.