Usiku wa Entebbe, Mafuta ya Embakasi: Maswali Yenu

Wiki iliyopita, nikijibu swali la uwanja wetu wa ndege, nilidokeza tu kwamba ndege za makomando waliovamia Entebbe mwaka 1976 zilijaza mafuta hapa Nairobi. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mengi kuliko nafasi niliyo nayo, kwa hiyo nimechagua.

Kwa waliozaliwa juzi: tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France, safari namba 139 kutoka Tel Aviv kwenda Paris kupitia Athens, ilitekwa na Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Ikapelekwa Benghazi, kisha Entebbe. Idi Amin akawapokea watekaji kama wageni wake. Abiria wengi ambao hawakuwa Waisraeli, 148 hivi, waliachiliwa kwa mafungu mawili. Waliobaki, zaidi ya 100, walikuwa Waisraeli na Wayahudi kwa sehemu kubwa, pamoja na rubani Michel Bacos na wafanyakazi wake waliokataa kuwaacha abiria. Kabla wiki haijaisha, makomando wa Israel wakaingia usiku, wakawabeba, wakaondoka.

Mwalimu, kuna wanaoandika 3 Julai na wanaoandika 4 Julai. Tushike ipi? (Msomaji, Umoja)

Zote mbili ni sawa, ndugu yangu. Ndege ya kwanza iligusa ardhi saa tano na dakika moja usiku kwa saa za Israel, Jumamosi tarehe 3. Kwa saa zetu ilikuwa saa sita na dakika moja, Jumapili tarehe 4 imeshaingia. Marehemu bibi yangu wa Mombasa asingepata tabu na swali lako. Kwake, jua likizama Jumamosi huo ni usiku wa Jumapili.

Ni kweli walikuja na Mercedes ndani ya ndege, au ni chumvi za sinema? (Msomaji, Lang'ata)

Si chumvi. Amin alikuwa akitembea kwa Mercedes nyeusi, na hakuna askari wa kizuizi aliyewahi kupandishwa cheo kwa kumwomba rais kitambulisho. Waisraeli walilitegemea hilo. Gari walilolipata kwao lilikuwa jeupe, wakalipaka rangi nyeusi, wakalipakia kwenye Hercules, ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, pamoja na Land Rover za msafara. Ndege iliposimama, gari lilishuka likiwa limeshawashwa.

Jaribu mwenyewe hapa mjini. Fika kwenye geti la magorofa kule Kilimani ukiwa na Vitz: jina nani, unaenda nyumba gani, andika hapa, toa kitambulisho. Rudi kesho na Prado ya vioo vyeusi uone kama hata honi utahitaji kupiga.

Ila hila yenyewe haikufika mlangoni. Askari wawili wa Uganda waliwaamuru wasimame. Husemwa kwamba Amin alikuwa amebadilisha gari siku hizo, sasa ana jeupe. Makomando wakatumia bastola za kimya, askari mmoja akainuka tena, ikalia bunduki isiyo ya kimya, na usiri walioulinda kwa zaidi ya kilomita 4,000 ukaishia hapo. Wakashuka wakakimbia kwa miguu. Kiongozi wa kikosi hicho, Yonatan Netanyahu, alipigwa risasi nje ya jengo akafa. Ndiye mwanajeshi pekee wa Israel aliyekufa usiku huo. Ndani, mateka walipigiwa kelele kwa Kiebrania walale chini. Kijana wa miaka 19, Jean-Jacques Maimoni, aliinuka. Makomando wakamdhania mtekaji, wakampiga risasi akafa. Mateka watatu walikufa katika uvamizi ule, na ninaona wanaosimulia kisa hiki kama harusi huwa wanalipita jina la Maimoni haraka.

Kwa nini vita vya namna hii vipigwe usiku? Si unaweza kumpiga mwenzako? (Msomaji, Kayole)

Unaweza, na hutokea sana. Usiku hauna upendeleo, unamsaidia tu aliyepajua mahali kabla jua halijazama. Mwezi Novemba 1941, kikosi kipya cha Mwingereza David Stirling, ndicho SAS, kiliruka kwa miamvuli usiku katika jangwa la Libya, nyuma ya majeshi ya Ujerumani na Italia. Upepo wa tufani ukawatawanya. Walioruka walizidi 50, waliorudi 22. Waliosalia walijifunza kwenda kwa magari. Julai 1942 waliingia kiwanja cha ndege cha Sidi Haneish, Misri, na jeep 18 zikiwa safu mbili, mwezi ukiwaka, wakaharibu ndege zipatazo 37.

Sasa rudi Entebbe. Jengo lililowekewa mateka lilijengwa na kampuni ya Kiisraeli enzi Amin na Israel wakipikiana chai, kwa hiyo ramani zake zilikuwapo kwao. Jeshi la Uganda lenyewe lilifundishwa na Waisraeli mpaka 1972, na Amin alikuwa akivaa kifuani mabawa ya mwamvuli aliyoyapata kwao. Wale 148 walioachiliwa walihojiwa Paris: watekaji wangapi, wanasimama wapi, mlango upi unafungwa. Mfano wa jengo ukaundwa, watu wakakimbia na kurudia, kukimbia na kurudia. Njiani ndege ziliruka chini sana juu ya Bahari ya Shamu kukwepa rada. Ya kwanza ilitua peke yake, nyingine zikafuata baada ya dakika saba. Katikati ya hapo taa za uwanja zikazimwa, ila walikuwa wameshapanga taa zao wenyewe kando ya njia. Mimi nikiulizwa ushindi wa vita ile ulipatikana wapi, nasema kwenye hizo taa za mkononi na karatasi za mchoro wa jengo. Risasi zilikuwa za dakika chache tu.

Neno komando ni la nani? (Msomaji, Ngara)

Waingereza walilichukua kwa Makaburu wa Afrika Kusini, waliowasumbua kwa vikosi vidogo vya farasi katika vita vya 1899 hadi 1902, wakawapa askari wao jina hilo mwaka 1940. Sisi tukaliongezea ma- mbele, mambo yakaisha.

Hebu tuambie ukweli. Serikali ya Kenya ilijua au haikujua? (wasomaji sita, mitaa mbalimbali)

Serikali ilisema hadharani kwamba haikushiriki njama yoyote. Nianze na hesabu.

Hercules iliyosheheni watu na magari haiwezi kutoka Sinai hadi Entebbe ikarudi kwa tangi moja. Mahali pawili tu ndipo palipofaa kuongezea: Entebbe penyewe, na walibeba pampu yao kwa kazi hiyo, au Nairobi. Kusimama Entebbe kunyonya mafuta huku jeshi la Amin likiamka ni kumwomba mwizi akae anywe uji. Kwa hiyo walikuja Embakasi, uwanja wetu wa Nairobi. Na usiku huohuo, kabla hata milio haijasikika Entebbe, Boeing 707 iliyofanywa hospitali ilikuwa imeshatua hapa, na madaktari wake. Ndege ya namna hiyo haitui mjini kwa watu kwa bahati. Wanaotajwa sana kwamba walisaidia ni Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo na Bruce McKenzie, aliyekuwa Waziri wa Kilimo.

Sababu? Mwezi Januari mwaka huohuo, Wapalestina watatu walikamatwa hapa Nairobi wakipanga kuiangusha ndege ya El Al, shirika la ndege la Israel, kwa makombora karibu na uwanja, na Wajerumani wawili baadaye. Walipelekwa Israel kimyakimya. Watekaji wa Entebbe walipotoa orodha ya wafungwa 53 wanaotaka waachiliwe, watano kati yao walidaiwa kwa Kenya, na Kenya ikajibu haina watu hao. Februari, Amin naye alitangaza kwamba sehemu kubwa ya nchi yetu ni Uganda, mpaka kilomita kama 30 kutoka hapa ulipoketi. Mzee Kenyatta hakuwa mtu wa kusahau mpaka wake.

Malipo yalikuja polepole. Tarehe 24 Mei 1978, McKenzie akirudi kutoka kumwona Amin, ndege ndogo aliyopanda ililipuka kwa bomu karibu na vilima vya Ngong. Wengi husimulia kwamba bomu lilifichwa ndani ya zawadi, kichwa cha simba cha kuchonga. Tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipuka hoteli ya Norfolk, watu wapatao 20 wakafa, na wengi walilihesabu kuwa kisasi cha mafuta yale.

Babu yangu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza) huko Burma. Alisema walipenya nyuma ya Wajapani usiku. Yawezekana? (Mjukuu, Dagoretti)

Mjukuu, msikilize babu, ila tutenganishe. Waliopenya kwa makusudi na kukaa nyuma ya Wajapani walikuwa Chindits wa Jenerali Orde Wingate, 1943 na 1944, na Waafrika waliokuwa nao walitoka Afrika Magharibi. Vijana wetu wa Keya walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katika masika ya kule, matope hadi magotini, malaria na kuhara vikiua sambamba na risasi. Desemba lilijengwa daraja la Kalewa juu ya mto Chindwin, zaidi ya mita 350. Doria za usiku katika msitu ule babu hawezi kuwa amezikosa, na ukiwa kwenye doria msituni, mbele na nyuma hazina alama.

Halafu kuna hili ambalo hunichekesha. Wingate huyohuyo ndiye aliyewafundisha vijana wa Kiyahudi kule Palestina, mwaka 1938, kuvamia usiku, na mwaka 1941 aliingia Ethiopia akiwa na Haile Selassie. Dunia ya makomando ni kijiji.

Unawasifu wavamizi. Uganda haikuwa nchi huru? Na vita ilitangazwa lini? (Msomaji, South B)

Haikutangazwa, na kwa hilo swali lako lina haki. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Kurt Waldheim, alisema mamlaka ya nchi mwanachama yameingiliwa vibaya. Baraza la Usalama lilibishana mwezi huohuo. Rasimu ya Benin, Libya na Tanzania ya kuilaani Israel haikufikishwa kwenye kura. Ya Uingereza na Marekani ilipata kura sita, haikutosha. Tanzania kumtetea Amin! Si kwa kumpenda, maana miaka mitatu haikupita majeshi yake yakaingia Kampala kumwondoa. Ilikuwa inalinda kanuni. Mimi naona Uganda iliivunja haki yake siku askari wake walipoanza kuwalinda mateka kwa niaba ya watekaji, lakini sitakuita mjinga ukiona tofauti.

Shangazi yangu aliishi Kampala, akarudi 1976 bila kitu. Mbona hawa hawatajwi? (Msomaji, Kariobangi)

Pole kwa shangazi. Hawatajwi kwa sababu hakuna Mercedes katika kisa chao.

Amin aliporudi kwenye hasira zake aliwageukia waliokuwa karibu. Wa kwanza ni Dora Bloch, mama wa miaka 74, mateka aliyekuwa amelazwa Mulago baada ya kupaliwa na chakula. Alitolewa hospitalini akauawa, na mabaki yake yalipatikana 1979 karibu na shamba la miwa nje ya Kampala. Kisha Wakenya. Idadi inayotajwa ni 245 waliouawa, na waliokimbia kama 3,000. Makarani, mafundi, wachuuzi, watu wa reli ya Afrika Mashariki, watu ambao siku hiyo hawakujaza tangi la mtu mafuta.

Nilimfahamu mama mmoja, fundi cherehani, aliyevukia Busia wiki ile. Nilipomuuliza alibeba nini, alisema kichwa. Kichwa cha cherehani, amekifungua kwenye miguu yake, amekifunga kwa leso mbili na kukibeba mgongoni kama mtoto. Kile chuma hakina huruma, skrubu moja ilimchubua bega akabaki na kovu, na alikuwa akilionyesha kwa kushusha shingo ya gauni bila aibu. Miguu, meza na vitambaa vya wateja vilibaki Kampala. Gikomba alikodi miguu ya cherehani ya mtu mwingine, miaka mitatu, kwa siku. Alinung'unikia zaidi vile vitambaa: kuna gauni la arusi alilokuwa ameshalikata, akawa anajiuliza bibi arusi alivaa nini.

Na sisi, tumewahi kufanya kitu kama hicho? (Msomaji, Embakasi)

Cha karibu ni Kismayu, Septemba 28, 2012, majeshi yetu yaliposhuka pwani kutoka melini kabla ya mapambazuko kuwaondoa Al-Shabaab. Wengi walitegemea tuje kwa barabara, ambako pia tulikuwa tunakuja.

Naweza kupaona mahali ndege zilipojaza mafuta? (huyohuyo wa Embakasi)

Jengo unalolijua la JKIA lilifunguliwa 1978. Mwaka 1976 uwanja ulikuwa ng'ambo, kaskazini ya njia ya ndege, ule watu wanaouita Embakasi ya zamani, na leo uko mikononi mwa jeshi la anga. Ukisafiri, omba kiti cha dirishani. Angalia tu, simu iache mfukoni.