Kontroli hasi si mapambo

Wiki hii kijana mmoja wa maabara kaniletea picha ya jeli, ile inayotenganisha vipande vya DNA. Bendi, yaani mstari wa DNA, inang'aa, na uso wake unang'aa zaidi. Kontroli hasi, yaani tyubu isiyotiwa DNA ya sampuli ili ifichue uchafu, iko wapi? "Nimebana matumizi, dokta, praima zimebaki kidogo." (Praima ni vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakilishaji.) Nikanyamaza, maana siku hiyo ulimi wangu haukuwa wa kuaminika. Basi nawaandikia ninyi nyote mnaoingia kwenye kazi hii ya jeni.

1. Bendi ikitokea palepale ulipoitarajia, ndipo uanze kuishuku. Mwaka 1978 kundi la Walter Gilbert wa Harvard lilikuwa limeshafaulu kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya panya. Sasa walitaka ya binadamu. Masharti ya Marekani kuhusu jeni za binadamu yalikuwa makali mno, wakafunga mizigo hadi Porton Down, Uingereza, kwenye maabara yenye ulinzi wa juu kabisa. RNA, ile nakala ya maagizo ya jeni, waliipata kwenye uvimbe wa kongosho la mgonjwa. Hebu fikirini kazi yenyewe: vaa, vua, oga, rudia tena, na huku mnajua kuna wenzenu wanaowania jeni hiyohiyo. Klonu, yaani bakteria waliobeba nakala ya jeni, zikapatikana. Wakasoma mfuatano wa DNA: panya! Panya wao wenyewe wa zamani, aliyechafua sampuli na kuvuka nao bahari. Na hawa hawakuwa wanagenzi, jamani. Gilbert ni miongoni mwa waliobuni njia za kusoma mfuatano wa DNA, akapewa Nobel kwa hilo mwaka 1980. Kila nikifika hapo roho inaniuma kana kwamba ni ndugu zangu. Wenzao wa kampuni ya Genentech na kituo cha utafiti cha City of Hope, California, waliiunda jeni kwa kemia, herufi kwa herufi. Hapakuwa na panya wa kupenya, na masharti yale hayakuwabana. Septemba 1978 wakatangaza, na 1982 insulini yao ikaidhinishwa kuwa dawa. Haya, niambieni praima za kontroli moja ni shilingi ngapi.

2. Daftari liandikwe papo hapo. Mwanabiokemia James Collip, Toronto, Januari 1922, alisafisha dondoo la kongosho la ng'ombe kwa alkoholi mpaka sukari ya Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 mwenye kisukari, ikashuka. Walipotaka kutengeneza kwa wingi, njia ikamponyoka, na wagonjwa wanasubiri. Ninyi mnajaza daftari Ijumaa jioni, kwa kukumbuka!

3. Kibali kwanza. San Francisco, 1977, watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliokuwa wakiwania jeni ya insulini walitumia plazmidi (kiduara cha DNA cha kubebea jeni) ya pBR322 kabla haijapitishwa. Klonu zikaishia kuteketezwa.

4. Tyubu iwe na jina na tarehe, kwa kalamu isiyofutwa na ethanoli. Mwenye ile ya "X mpya" kwenye friza aje aichukue kabla ya Jumatatu. Nikiikuta naitupa.